Vifaa vya nyumbani baada ya kubadilishiwa nyonga: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Ndugu wakisikia mgonjwa wao amepangiwa tarehe ya kubadilishiwa nyonga, kitu cha kwanza wanachokikimbilia dukani ni woka, ile fremu ya kushikilia wakati wa kutembea. Nia yao ni njema, lakini wameanzia mkiani. Woka humsaidia mgonjwa kutembea. Kinachoilinda nyonga mpya isichomoke ni kimo cha vile atakavyokalia: choo, kitanda na kiti cha sebuleni. Kwa hiyo tathmini hii inaanzia chooni. Tumeangalia vifaa vinavyopatikana kwenye maduka ya vifaa tiba ya Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, kwa jicho la nyumba zetu zilivyo: choo cha kuchuchumaa, sakafu ya vigae inayodekiwa kila asubuhi, mlango mwembamba wa bafuni, ua wenye mchanga.

Kwanza sababu, maana bila kuielewa utauziwa chochote. Upasuaji unaopitia nyuma ya nyonga, ambao ni wa kawaida sana, unakuja na makatazo matatu: usikunje nyonga kupita nyuzi 90, usipishanishe miguu, usizungushe mguu kwa ndani. Nyama na utando wa nyuma ya kiungo vimekatwa na kushonwa, na vinahitaji wiki 6 hadi 12 kushikana. Goti likipanda juu ya usawa wa nyonga, shingo ya chuma ya nyonga ya bandia inagonga ukingo wa kikombe ambamo kichwa chake cha duara huzunguka, inageuka kama mtaimbo, na kichwa hicho kinarushwa nje kwa nyuma, upande ule ule uliokatwa. Ukubwa wa kichwa nao una maana. Kile cha John Charnley, daktari wa Uingereza aliyeanza kutumia kikombe cha plastiki ngumu (polyethylene) mwaka 1962, kilikuwa na kipenyo cha milimita 22 na kidogo. Vya siku hizi mara nyingi ni 28, 32 au 36, na kikubwa hakichomoki kirahisi kama kidogo. Ndiyo maana madaktari wengine hulegeza makatazo na wengine hushikilia. Aliyepasuliwa kwa kupitia mbele ana makatazo tofauti kabisa: kwake hatari ni kupeleka mguu nyuma huku umegeukia nje. Muulize daktari bingwa wako swali hili kabla hujanunua hata raba ya gongo: unapitia wapi, na nizuie nini?

Kisha chukua futi. Mgonjwa asimame amevaa viatu atakavyovaa nyumbani, pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti, ongeza sentimita 5. Ikitoka 42, kila atakachokalia kiwe na kimo cha 47 hivi, na kipimwe akiwa amekikalia. Kisipungue hapo. Kikizidi sana nyayo zitaning'inia, na kushuka kutoka juu huku mguu mmoja hauna nguvu ni hatari ya namna nyingine.

Kiti cha choo

Vipo vya aina mbili. Kile cha plastiki kinachopachikwa juu ya bakuli la choo cha kukaa huuzwa kwa nyongeza ya sentimita 5, 10 au 15. Tufuate mfano wetu wa 47. Bakuli lina kimo cha 39. Kiti cha 5 kinakupa 44, hakifai. Cha 10 kinakupa 49, kinafaa. Hesabu ni ndogo, lakini watu huchukua cha 5 kwa kuwa ni nafuu na hakichukui nafasi, halafu mgonjwa anashuka chini akijishikilia kwenye sinki la ukutani. Sinki halikufungwa kubeba mtu.

Ubaya wa kiti hiki ni ufungaji wake. Vingi vinabanwa na skurubu moja ya mbele au vibano viwili vya pembeni, na bakuli za choo hazifanani: nyingine ni duara, nyingine ndefu, nyingine zina ukingo wa pembe ambao kibano hakiushiki. Kabla ya kulipa, piga picha bakuli lako na upime upana na urefu wa ukingo wake. Ukishafunga, kishike kwa mikono miwili ukisukume upande kwa nguvu. Kikicheza hata kidogo, usikitumie, kwa sababu mgonjwa wa nyonga hakai sawasawa. Hujishusha kwa kuegemea upande wa mguu mzima, na uzito wote huingia ukingoni. Vingi pia havina mikono ya kusukumia wakati wa kuinuka.

Tunachokipendekeza sisi ni kile chenye fremu ya miguu minne na mikono pembeni, ambacho dukani huletwa na ndoo yake. Ukiondoa ndoo, kinasimama juu ya choo cha kukaa au juu ya choo cha kuchuchumaa, na hapo ndipo kinapokishinda kile cha plastiki moja kwa moja. Usiku, umeme ukikatika na choo kiko uani, unarudisha ndoo na kukiweka kando ya kitanda. Baadaye kinakuwa kiti cha kuogea. Kifaa kimoja, kazi tatu.

Juu ya choo cha kuchuchumaa kina masharti yake. Miguu lazima ikae kwenye sakafu iliyo sawa, nje ya zile nyayo za kauri zilizoinuka. Mguu mmoja ukipanda juu ya kauri kiti kitayumba, na mara nyingi hili huonekana siku ya kwanza mgonjwa akiwa tayari amekikalia. Pima umbali kati ya miguu ya kiti, kisha pima upana wa sahani ya choo. Sakafu nyingi za choo zina mteremko wa kupeleka maji. Fidia kwa kurefusha miguu ya upande wa chini tundu moja, na akae mtu mzima mwenye uzito kukijaribu kabla ya mgonjwa. Viti vingine huja na kikombe kisicho na kitako, kinachoingia pale penye ndoo ili kuzuia kinyesi na mkojo kurukia miguuni. Ukikosa hicho utajuta.

Sasa angalia miguu yenyewe kwa karibu. Kila mguu ni bomba ndani ya bomba, lenye matundu yaliyopishana takriban sentimita 2.5, na kitufe kidogo cha springi kinachochomoza kwenye tundu. Kitufe lazima kichomoze chote, mpaka ukikipapasa kwa kidole gumba ukisikie kimesimama nje ya bomba. Kikiwa nusu ndani, mguu utashika siku mbili tatu, kisha utateleza ghafla mtu akiwa amekaa. Papasa vyote vinne kila unapobadili kimo. Kwa Tanga, Zanzibar, Mombasa na kwingine kwenye hewa ya chumvi, chukua aluminiamu. Chuma kilichopakwa rangi huanza kutu ndani ya matundu hayo hayo na kwenye maungio, na kutu ya ndani ya bomba haionekani.

Kuna jambo moja ambalo maelezo ya watengenezaji hayaligusi, nasi tunalipa uzito mkubwa: kutawaza. Kiti chenye tundu la duara lililozungukwa pande zote hakipitishi mkono, kwa hiyo mgonjwa atajipinda kiuno au atainama mbele kutafuta nafasi, na vyote viwili vimekatazwa. Chagua chenye kikalio kilichokatwa kama kiatu cha farasi, chenye uwazi mbele au nyuma. Kama mnatumia kopo, ndoo ya maji iwekwe juu ya stuli kwenye usawa wa kiti, kando na mbele kidogo, upande wa mkono anaoutumia. Mpira wa maji ni bora zaidi, mradi kishikio kiwe karibu.

Kitanda na viti

Hapa hakuna cha kununua, kuna cha kupima. Godoro la sponji la inchi 6 likizeeka huzama, na kimo ulichokipima likiwa tupu si kile atakachokalia. Godoro la chini sakafuni halifai hata kwa usiku mmoja. Kuinua kitanda, mwite seremala aweke vipande vinne vya mbao ngumu vilivyochongwa shimo ambamo mguu wa kitanda unaingia. Matofali hayafai: hupasuka, na kitanda hutelezea pembeni mtu anapojisukuma kuinuka.

Kiti cha plastiki cha mikono, kile cha kwenye sherehe na misiba, ni kifupi na kimelala nyuma. Lakini ukivipachika viwili au vitatu kimoja ndani ya kingine, unapata kiti kirefu na kigumu zaidi. Pima tena baada ya kupachika. Jaza nyuma kwa mto mgumu ili mgongo usilale. Kisiwekwe kwenye vigae vyenye maji, maana miguu yake hutanuka. Sofa iacheni kwa wageni.

Vile vya chini navyo viondolewe njiani kabisa, kwa sababu mazoea yana nguvu kuliko makatazo: kigoda, mkeka, jiko la mkaa la chini, beseni la kufulia. Na mbuzi ya kukunia nazi. Mkao wake ni nyonga iliyokunjwa hadi mwisho huku mapaja yamebana, yaani mkao wenyewe wa kuchomoa nyonga. Anayeswali, aswali kwenye kiti kirefu, na rukuu na sujudu ziwe kwa kuinamisha kichwa. Kuinamisha kiwiliwili mbele nako ni kukunja nyonga, ingawa goti halijapanda.

Woka

Zipo tatu: isiyo na magurudumu, yenye magurudumu mawili ya mbele, na yenye manne pamoja na breki na kikalio. Hii ya mwisho inapendeza kwa macho na ndiyo ghali, lakini kwa wiki za mwanzo usiichukue. Inakimbia mbele pale hasa mgonjwa anapoiegemea, na breki zake zinahitaji mikono yenye wepesi ambao dawa za maumivu huupunguza.

Kwa nyumba ya vigae, yenye magurudumu mawili ni nzuri, mwendo wake haukatizwi na kuinua na kutua. Kwa ua wa mchanga au changarawe gurudumu dogo linazama. Hapo isiyo na magurudumu inashinda. Kama mgonjwa atapita kote kuwili, chukua isiyo na magurudumu. Ni nyepesi, takriban kilo 2.5 hadi 3, na anayeiinua hajichoshi sana.

Pima mlango wa choo kabla ya kununua. Woka nyingi zina upana wa sentimita 55 hadi 65 chini, na milango ya bafu katika nyumba nyingi haiachi nafasi hiyo ukishatoa unene wa fremu na mlango usiofunguka wote. Isipopita, mgonjwa ataiacha nje na kuingia akishika kuta. Afadhali kung'oa mlango kwa miezi miwili na kutundika pazia.

Kimo: mgonjwa asimame wima, mikono ining'inie, kishikio kiwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Akishika, kiwiko kikunjwe kidogo. Fundi wa duka mara nyingi huiacha juu mno, mabega yanapanda, na baada ya siku mbili mgonjwa analalamikia shingo badala ya nyonga. Ya kukunja lazima ilie "ka!" pande zote mbili inapofunguliwa. Usiitundikie kikapu kizito mbele, inainama. Mfuko mwepesi wa kitambaa wenye simu, dawa na chupa ya maji yenye kifuniko cha kuzungusha unatosha.

Sehemu inayochoka kwanza ni raba za chini. Zigeuze uzione: zina miduara iliyochongwa. Miduara ikifutika, raba imekwisha hata kama bado ni nene, na juu ya kigae chenye maji itateleza kama sabuni. Nunua seti ya pili siku hiyo hiyo. Saizi hufuata kipenyo cha bomba, kwa mfano milimita 19, 22 au 25. Nenda na raba ya zamani, usibahatishe.

Magongo

Maduka mengi yana ya kwapani. Yanafaa, mradi juu yabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa na uzito ubebwe na viganja. Mgonjwa akiyaning'inia kwa kwapa, neva zinabanwa na mkono unaanza kufa ganzi. Sponji nene ya juu inamdanganya kuwa ndipo pa kuegemea. Ya kiwiko ni bora kwa mwenye nguvu na kwa mwenye ngazi nyembamba, lakini hayamsaidii mzee mwenye mikono dhaifu. Ngazini kanuni ni moja: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, magongo na mguu uliopasuliwa vitangulie.

Chochote utakachochagua, kiwe nyumbani wiki mbili kabla ya upasuaji na mgonjwa akizoee angali na nyonga yake ya zamani. Ajifunze pia kuinuka kwenye kiti kwa kusukuma mikono, mguu mgonjwa umenyooshwa mbele. Wiki hizo ndizo za kung'oa jino bovu, kutibu kidonda cha mguu, kuangalia wingi wa damu na sukari, na kumwambia daktari kila dawa anayomeza, za miti shamba zikiwemo. Nywele za eneo la upasuaji asijinyoe mwenyewe. Mikwaruzo ya wembe ni mlango wa wadudu.

Vidogo vidogo

Mkono wa kuokotea vitu, wenye urefu wa sentimita 80 hivi, una thamani kubwa kuliko bei yake. Ujaribu dukani kwa kuokota sarafu na kisha simu. Ukishindwa sarafu, meno hayafungi vizuri. Huo ndio wa kuvutia chupi na suruali juu: mguu uliopasuliwa huvaa kwanza na huvua mwisho. Kijiko kirefu cha kuvalia viatu kinafaa kwa anayevaa viatu vya kufunika. Kifaa cha kuvalia soksi kiache dukani kama mgonjwa ni mtu wa sandali. Sandali iwe na mkanda wa nyuma, kandambili hapana.

Kamba ya kuinulia mguu kitandani usinunue. Kanga iliyokunjwa kwa urefu, ikapitishwa chini ya unyayo kama kitanzi, inafanya kazi ile ile na haikwaruzi. Kanga ya kuvaa, lakini, na dera refu, viishie juu ya kifundo cha mguu, kwa sababu mguu wa nyuma wa woka huukanyaga upindo.

Mto wa pembetatu wa kutenganisha miguu ni mzuri hospitalini. Nyumbani mito miwili ya kawaida kati ya mapaja na magoti inatosha, mradi ifike hadi kwenye vifundo. Chandarua mgonjwa asikichomeke mwenyewe chini ya godoro, maana kule ni kuinama na kujipinda kwa wakati mmoja. Kila usiku akichomeke mtu mwingine, na aache upande wa kushukia ukiwa rahisi kufunguka.

Barafu: pakiti za jeli zinafaa, lakini barafu ya dukani iliyosagwa na kufungwa kwenye taulo jembamba ni sawa nazo. Dakika 15 hadi 20, isiguse ngozi wala kulowesha bandeji.

Soksi za kubana zinunuliwe kwa kipimo cha mzingo wa kifundo na wa shavu la mguu, si kwa "saizi ya kati". Zikijikunja chini ya goti zinakuwa kamba inayozuia damu, na hapo ni heri kutovaa. Wala hazichukui nafasi ya dawa ya kuzuia damu kuganda; mgonjwa akiandikiwa vidonge au sindano za tumbo, mara nyingi hadi siku 35, azimalize. Shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, au pumzi ikabana ghafla, ni hospitali siku hiyo hiyo. Kidonda kinachoendelea kutoa majimaji nacho ni hospitali, si kumeza antibiotiki za duka la jirani. Na mguu ukionekana mfupi, umegeukia ndani, maumivu yakija kwa mpigo, mgonjwa asisimame wala asivutwe mguu: nyonga imechomoka.

Usafiri wa kurudi

Bodaboda na daladala zisahauliwe. Gari dogo linafaa: kiti cha mbele kirudishwe nyuma kabisa na kulazwa, mto mgumu juu yake, mgonjwa atangulize makalio ndipo miguu ifuate ikiwa pamoja. Kitambaa cha satini juu ya mto humsaidia kugeuka bila kujipinda. Kiondolewe kabla gari halijaondoka, asiteleze. Waliopasuliwa kwenye hospitali za MOI (Dar es Salaam) au KCMC (Moshi) na kwao ni mbali waulize wodini kama wanaweza kukaa kwa ndugu wa karibu hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi 14. Safari isipoepukika, kila saa moja gari lisimame, atembee hatua chache, na akiwa kitini achezeshe vifundo juu na chini.

Mkongojo mmoja ununuliwe mwisho, mtaalamu wa fiziotherapia akisharidhika kuwa mgonjwa hachechemei tena akiwa na magongo mawili. Kimo chake hupimwa kama cha woka, kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Karibu kila mtu huushika upande wa mguu uliopasuliwa. Ushikwe mkono wa upande wa pili, usogee pamoja na mguu uliopasuliwa, ili misuli ya nyonga mpya isibebe uzito peke yake.